Kipandauso na sindano za Kichina: kuna aliyejaribu?

MshonajiKatuba (Lubumbashi)

Jambo yenu, ba yaya na ba kadogo.

Kichwa kimenishinda. Kinaanzia nyuma ya jicho, mara nyingi upande wa kulia, na kinapiga kwa kufuata mapigo ya moyo. Kabla hakijaanza naona vimstari vya kupindapinda vinang'aa pembeni mwa jicho, vinakaa kidogo, vinaondoka, halafu maumivu ndiyo yanaingia. Jirani akiwasha jenereta, harufu yake tu natapika. Cherehani naiacha, naingia chumbani, pazia chini, watoto wanajua wasipige kelele. Kesho yake au kesho kutwa kinaisha, nabaki kama nguo iliyokamuliwa.

Nyumbani kila mtu amekipa jina. Mume wangu anasema malaria, na kwinini nimeimeza mpaka masikio yakavuma. Mama mkwe anasema ni mtu. Farmasi wananipa paracetamol na diclofenac, na siku hizi nameza karibu kila asubuhi kabla sijakaa kwenye mashine, ili kisije.

Sasa jirani yangu, ambaye mume wake anafanya kazi na Wachina kule Kolwezi, ananiambia kuna Mchina hapa mjini anachoma sindano nyembamba, kichwani, mikononi, hata miguuni, na shemeji yake amepata nafuu. Lakini si kwenda siku moja, ni kurudi na kurudi. Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana pesa, imekaribia na nisingependa kuitupa. Hii akupancha ni dawa, au ni biashara tu?

Kadogo_Kenya (Lubumbashi)

Pole mama. Ulipima tansio? Mama yangu aliumwa hivyo hivyo, akapewa propranolol, leo anacheza kwenye harusi. Iko kila farmasi na bei yake ndogo. Wachina watakumalizia pesa bure.

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Mama, pole sana. Mimi ni muuguzi, na nimekaa kwenye meza ya konsultasio miaka mingi. Huu ulioeleza ni kipandauso bila kuzunguka: upande mmoja, kupiga na mapigo, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele, kulazimika kulala. Usipotibiwa kinachukua kuanzia saa 4 hadi 72. Vimstari vyako vinavyong'aa ni ishara ya mbele ambayo wengine wanaipata na wengine hawaipati. Wanawake wanaumwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na homoni za kila mwezi zina mkono wao. Malaria haina tabia ya kuja na kuondoka miaka yote bila homa, ikigonga upande ule ule. Kwinini bila kipimo, basi. Kuhusu "ni mtu", huyo ni mama mkwe wako, mimi sitaingia.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko sindano kwenye maneno yako, na umelipitia haraka. Unameza dawa karibu kila asubuhi "ili kisije". Paracetamol, ibuprofen au diclofenac ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, na hali hiyo ikazidi miezi 3, zenyewe zinaanza kuzalisha maumivu ya kichwa. Zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini, na tramadol, hata siku 10 kwa mwezi zinatosha. Kichwa kinazoea, dawa ikipungua mwilini kinadai nyingine, unameza, mzunguko unaanza upya. Wako wanaokuja kwangu wakisema kipandauso kimekuwa cha kila siku, na ukiuliza vizuri unakuta ni hivyo vidonge. Ukienda kwa Mchina huku unameza kila asubuhi, atachoma sindano zake zote na utarudi kusema hazifanyi kazi.

Sasa akupancha. Tofautisha mambo mawili. Kuna dawa ya kukata shambulio lililokwisha kuanza, na kuna kinga, yaani kupunguza mashambulio ya mwezi. Sindano zimechunguzwa zaidi kama kinga. Usiende pale huku unatapika ukitegemea utoke mzima.

Mwaka 2016 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima pamoja, lilitoa tathmini ya majaribio 22 yenye wagonjwa karibu 5,000. Waliochomwa sindano juu ya matibabu yao ya kawaida, 41 katika kila 100 mashambulio yao yalipungua kwa nusu au zaidi. Wale ambao hawakuchomwa, 17 katika 100. Wakilinganishwa na waliomeza vidonge vya kinga, baada ya miezi 3 sindano zilikuwa 57 na vidonge 46. Baada ya miezi 6 tofauti ilibaki ndogo, 59 kwa 54, na waliochomwa walilalamika madhara machache. Kwa hiyo si biashara tupu. Lakini ona pia kwamba nusu ya watu, karibu, hawafiki hiyo nafuu.

Mwalimu_Biolojia (Lubumbashi)

Muuguzi, unaeleza vizuri lakini umeruka takwimu inayowasumbua watetezi wa sindano. Tathmini hiyo hiyo ina kundi la sindano bandia, yaani mtu anachomwa juujuu au sehemu zisizo na maana kwa Wachina, bila kujua. Waliopata sindano za kweli, 50 katika 100 walipata nafuu ya nusu. Waliopata bandia, 41. Yaani hata ukichoma ovyo unapata karibu matokeo yale yale!

Wajerumani walifanya jaribio lao wakalitoa mwaka 2005, wagonjwa 302. Sindano za kweli 51 katika 100, bandia 53, waliokuwa wanasubiri zamu 15. Bandia ilishinda. Mwaka uliofuata wakatoa jingine, kubwa zaidi: kweli 47, bandia 39, vidonge 40, na wenyewe wakasema hakuna tofauti ya kuaminika kati ya hayo matatu. Sasa niambie hiyo "chi", nguvu ambayo Wachina wanasema inatembea kwenye mishipa isiyoonekana, iko wapi. Mama anapona kwa sababu amelala kimya nusu saa, mtu mwenye koti jeupe amemshughulikia, na amelipa pesa nyingi kwa hiyo anataka apone.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)

Ninyi vijana mnazungumza kana kwamba jambo hili lilikuja na Wachina. Sisi tulichanjwa chale kwenye panja kwa wembe, kukapakwa dawa, kichwa kikatulia. Na wako waliokuwa wanaumika kwa pembe, damu chafu inatoka. Nani alifanya majaribio? Watu walipona.

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Mzee, heshima yako. Kichwa cha kipandauso kinatulia chenyewe baada ya siku moja au tatu hata usipofanya kitu, kwa hiyo aliyechanja siku ya pili atasifiwa siku zote. Shida yangu kubwa na chale ni ule wembe uliopita kwa watu kumi. Homa ya ini ya aina B iko nyingi kwetu, ukimwi upo, na vyote vinapita kwa damu kidogo sana. Hata hizo sindano za Kichina zimewahi kueneza homa ya ini katika nchi tajiri kuliko yetu, kwa sababu mganga alizitumia mara ya pili.

Mwalimu, takwimu zako ni sahihi, nazikubali zote. Ila tusome mpaka mwisho. Katika majaribio mengi "bandia" ilikuwa sindano halisi inayoingia ngozini, sema haikuingia sana au haikuwekwa mahali pake. Ngozi na neva hazijui kama pale ni Fengchi, moja ya pointi zao za kuchoma, au si Fengchi. Kuchoma kokote kunaamsha njia za mwili za kutuliza maumivu, endofini na wenzake, jambo ambalo limechunguzwa tangu miaka ya 1970. Na mwaka 2020 Wachina walitoa jaribio katika BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, wagonjwa 150 ambao hawajawahi kuchomwa maisha yao yote, na bandia yao haikutoboa ngozi kabisa. Mikutano 20 ya kuchomwa kwa wiki 8. Baadaye, wiki ya 17 hadi 20, waliochomwa kweli walikuwa wamepunguza karibu siku 4 za kipandauso kwa mwezi, wa bandia siku 2 na kidogo. Tofauti ipo, si kubwa, lakini ipo.

Kuhusu "chi" mimi pia siiamini. Siihitaji. Swali la mama si kama nadharia ya kale ni kweli, ni kama atashona siku nyingi zaidi kwa mwezi.

Mwalimu_Biolojia (Lubumbashi)

Hapo tunakutana. Basi asiuziwe nadharia.

Biashara_Birere (Goma)

Mimi nimechomwa, kwa hiyo niwaeleze kwa macho. Nilikuwa Guangzhou kwa mambo ya vitambaa, kichwa kikanishika sokoni, na mwenye duka akanipeleka hospitali yao ya dawa za asili. Tangu hapo kila nikisafiri nilikuwa nafuata mfululizo wa mikutano, kwa sababu naenda kukaa wiki nyingi.

Watu wanaogopa kwa sababu wanafikiria sindano ya dawa. Siyo hiyo. Hii haina tundu, haina dawa ndani, ni uzi wa chuma, unene wake robo milimita hivi. Wanaifungua kwenye paketi mbele yako. Wananiweka moja kila upande chini ya fuvu, kisogoni, pale kwenye vishimo viwili karibu na shingo. Nyingine kwenye panja. Nyingine kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyingine juu ya mguu, kati ya kidole kikubwa na cha pili. Uchomaji wenyewe ni kama kuumwa na siafu mdogo, halafu anaizungusha kwa vidole mpaka unasikia uzito, ganzi nzito, inavuta. Wao wanasema hiyo ndiyo wanayoitafuta. Unalala nusu saa. Mara ya kwanza kizunguzungu kilinipata nilipoinuka, kwa sababu sikuwa nimekula. Kula kabla ya kwenda.

Matokeo: wiki za mwanzo hakuna kitu, nilikasirika. Baadaye mashambulio yalipungua, na yaliyokuja hayakuwa ya kutapika. Hayakuisha. Na nilipokaa Goma muda mrefu bila sindano yalirudi polepole. Kwa hiyo ukianza, jua ni kama dawa nyingine ya kinga, si kutolewa jino.

Kadogo_Kenya (Lubumbashi)

Wanaokataa dawa za Kichina wasisahau dawa yetu ya malaria inatoka wapi. Artemisinini inatoka kwenye mmea wa Wachina, na yule mama Tu Youyou akapewa Nobel 2015.

Mwalimu_Biolojia (Lubumbashi)

Kadogo, Tu Youyou alisoma vitabu vya kale, akatoa kiini cha mmea, akakipima kwa panya, nyani, akakimeza mwenyewe, ndipo wagonjwa. Alipewa Nobel kwa kupima. Ni hilo hilo ninaloliomba hapa.

MshonajiKatuba (Lubumbashi)

Aksanti sana wote. Muuguzi, hilo la vidonge limeniogopesha, sikujua kabisa. Farmasi hawakuniambia.

Kadogo, nilimtuma mtoto aniletee hiyo propranolol, nimeishika mkononi. Lakini nina pumu tangu utoto, natumia ile ya kupuliza wakati wa vumbi, kama Agosti hivi. Naweza kuanza leo?

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

MAMA, USIMEZE. Iweke chini.

Propranolol inabana njia za hewa. Kwa mtu wa pumu inaweza kuleta shambulio ambalo hata ile ya kupuliza inashindwa kulifungua. Ni dawa nzuri ya kinga ya kipandauso, imesaidia wengi akiwemo mama yake Kadogo, lakini si yako. Na ile diclofenac nayo, kuna wenye pumu ambao dawa za kundi lake na aspirini zinawafunga kifua. Ukiwahi kusikia kifua kinabana saa moja au mbili baada ya kumeza, usiiguse tena.

Swali jingine, samahani kulileta mbele ya watu: unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Mwanamke anayeona mistari inayong'aa kabla ya kipandauso haruhusiwi vile vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Sindano ya miezi 3, kipandikizi au kitanzi, hivyo havina estrojeni, zungumza na mkunga.

MshonajiKatuba (Lubumbashi)

Nimekirudisha kwenye mfuko. Mungu akubariki. Nina kipandikizi.

Basi kama propranolol si yangu, ndiyo sindano?

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Kwa pumu yako swali la sindano limekuwa na uzito zaidi kuliko nilivyofikiri mwanzo. Waingereza, katika mwongozo wao wa 2012, waliiweka akupancha hapo hapo: kama propranolol na topiramate, dawa nyingine ya kinga, hazikufai au hazikusaidia, mtu apewe mpaka mikutano 10 kwa wiki 5 hadi 8. Topiramate kwetu ni adimu, na kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ina hatari kwa mtoto.

Lakini kuna amitriptilini. Ni ya zamani, ya bei ndogo, kidonge kidogo usiku, daktari anaanza na kipimo cha chini na kupandisha. Inaleta usingizi na mdomo mkavu. Haigusi pumu. Ukiniuliza mimi na pesa ya mshonaji, nafuata mpangilio huu: kwanza kutoka kwenye vidonge vya kila siku, pili daktari akuone kuhusu amitriptilini, na sindano ziwe za tatu, au zifuatane na hiyo ya pili kama likelemba inaruhusu. Mtu wa mshahara mkubwa ningemwambia anza na sindano, hazina madhara mengi. Wewe pesa yako ina kazi nyingine.

Kutoka kwenye vidonge usitarajie raha. Siku za mwanzo kichwa kitauma zaidi, wengi ni wiki moja hivi, wengine inazidi. Panga wakati ambao huna nguo za harusi za kumaliza. Baada ya hapo paracetamol kwa shambulio la kweli tu, gramu 1 mapema linapoanza, siyo baada ya saa tano, na isizidi siku mbili kwa wiki.

Biashara_Birere (Goma)

Akienda kwa huyo Mchina aangalie nini?

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Paketi ifunguliwe mbele ya macho yake, sindano ziende kwenye boksi la takataka zenye ncha kali zikitoka, Mchina asizioshe, asizichemshe. Mama amwambie kwamba ana pumu na anatumia dawa gani. Kama mtu ana mimba aseme kwanza, kwa sababu ile pointi ya kati ya gumba na shahada wenyewe wanaikwepa kwa mjamzito. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme pia. Asikubali sindano ndefu kifuani wala juu ya mabega kwa ajili ya kichwa, kuna watu wametobolewa pafu, ni mara chache sana lakini imetokea. Akianza kuuziwa vidonge visivyo na jina pamoja na sindano, atoke. Vingine vinakutwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani, na huo ndio mzunguko aliokuwa anajaribu kuutoka.

Na wote mnaosoma: kichwa kilichopasuka ghafla kwa sekunde, kikali kuliko vyote maishani, kichwa na homa na shingo ngumu, kichwa na mkono kulegea au mdomo kupinda, kichwa kinachoanza mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, kichwa cha mama mwenye mimba ambaye tansio imepanda. Hao hawaendi kwa Mchina wala hawasubiri uzi huu, wanaenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mama_Ruashi (Lubumbashi)

Mimi pia naumwa. Kuna anayejua bei? Nitumieni namba ya huyo Mchina.

Biashara_Birere (Goma)

Namba za watu tusiweke hapa, dada. Pale Kinshasa, N'Djili, kuna hospitali ya urafiki na Wachina, na madaktari wao wanakuja kwetu tangu 1973, wakati wa Zaire, wanatoka Hebei. Hao ni madaktari wa serikali. Mwenye chumba nyuma ya duka ni jambo jingine, muulize cheti chake.

MshonajiKatuba (Lubumbashi)

Narudi kuwapa habari. Nimeenda kwa yule Mchina kuuliza tu, na binti anayemtafsiria. Paketi zipo, zimefungwa, boksi la kutupia nimeliona. Ila anataka nilipe mikutano yote kwa mara moja, mwanzoni, na amesema nitapona kabisa.

Mwalimu_Biolojia (Lubumbashi)

"Kabisa" ndiyo neno la kukutoa pale.

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Mwambie utalipa kila unapokuja. Akikataa, mwache. Akikubali, anza na daftari sasa hivi, kabla ya sindano ya kwanza: tarehe, kichwa kimeuma saa ngapi hadi saa ngapi, umemeza nini, na siku za mwezi zako. Jaza mwezi mzima hivyo hivyo bila sindano. Halafu ndiyo uende. Ukifika mkutano wa sita au wa nane na daftari linaonyesha siku zile zile, acha, rudi kwa amitriptilini. Kama zimepungua hata theluthi, endelea mpaka wa kumi, kisha tuone zinakaa muda gani.

MshonajiKatuba (Lubumbashi)

Sawa Muuguzi. Daftari la vipimo vya wateja lina kurasa nyuma. Amekubali nilipe moja moja, ila bei imepanda kidogo.